Maswali ya Wasomaji: Sentimita Tisa za Kuruka, Ni Maendeleo au Ni Kosa la Kupima?

SWALI: Ninafundisha timu ya netiboli ya shule ya sekondari mkoani Morogoro, yenye wasichana 14, na tunajiandaa na UMISSETA. Mwezi uliopita niliwapima kuruka mbele kwa mguu mmoja, kisha nikawapima tena baada ya wiki tatu za mazoezi ya nguvu. Senta wangu alitoka sentimita 128 akafika 137, lakini mfungaji wangu, ambaye naona kabisa amepata nguvu, ameshuka kutoka 150 hadi 144. Mara ya pili nilisaidiwa na mwalimu mwenzangu. Vilevile, tulipotazama wanavyotua baada ya kushuka kutoka kwenye boksi, mimi niliona magoti ya wasichana watano yakiingia ndani, yeye akaona ya wawili tu. Je, vipimo hivi vinategemeka? Na hao wenye magoti yanayoingia ndani niwaache kwenye kikosi?

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuleta namba zote mbili, ya aliyepanda na ya aliyeshuka, kwa maana wengi hutuandikia habari za aliyepanda peke yake. Kabla hujampongeza senta na kumtilia shaka mfungaji, inabidi ujue kwanza matokeo yako huyumba kwa sentimita ngapi hata pale ambapo msichana mwenyewe hajabadilika. Huo ndio uthabiti wa kipimo: kumpima mtu yuleyule, katika hali ileile, ukapata jibu lilelile au lililo karibu nalo.

Kuruka kwa mguu mmoja ni kipimo kizuri, na sikushauri ukiache. Kilienea katika tiba ya goti baada ya daktari Frank Noyes wa Marekani na wenzake kuchapisha, mwaka 1991, majaribio manne: kuruka mara moja kwa umbali, kuruka mara tatu mfululizo, kuruka mara tatu kwa kuvukavuka mstari, na kwenda mita 6 kwa mguu mmoja huku muda ukihesabiwa. Yamerudiwa kupimwa mara nyingi tangu wakati huo, na namba yake ya uthabiti, ambayo hukaa kati ya 0 na 1, kwa kawaida huvuka 0.8. Watafiti wengi huihesabu namba iliyo chini ya 0.5 kuwa dhaifu, kati ya 0.75 na 0.9 kuwa nzuri, na zaidi ya 0.9 kuwa nzuri sana.

Namba hiyo, hata hivyo, ina mtego ambao ningependa kila mwalimu aujue. Tuchukue mfano kwamba kosa la kupima ni sentimita 4 kwa kila msichana. Ukiwapima pamoja wa kidato cha kwanza na wa kidato cha sita, ambao matokeo yao yametawanyika sana, tuseme kwa mchepuo wastani (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) wa sentimita 20, namba ya uthabiti itatoka 0.96. Ukikipima kikosi chako cha kwanza peke yake, ambacho wasichana wake wanakaribiana na mchepuo wao ni sentimita 8, namba itashuka hadi 0.75, ilhali futikamba ni ileile na kosa ni lilelile. Ndiyo sababu ninapoona kipimo kikisifiwa kwa uthabiti wa 0.96, kwanza natafuta waliopimwa ni akina nani. Nikikuta ni wanaume wa chuo kikuu, siibebi namba hiyo kuwatwisha wasichana wa miaka 15, ambao miguu yao bado inarefuka na uzito wao unabadilika ndani ya muhula mmoja.

Kwa hiyo litafute kosa la timu yako mwenyewe, na hesabu yake haizidi uwezo wa mwalimu wa hisabati aliye hapo shuleni. Wapime wote 14 mara mbili, kwa nafasi ya wiki moja, bila kuongeza zoezi lolote jipya katikati. Kwa kila msichana toa matokeo ya kwanza kwenye ya pili, utafute mchepuo wastani wa tofauti hizo 14, kisha uuzidishe kwa 1.96. Ukipata mchepuo wa sentimita 6, jibu ni takriban sentimita 12, na hapo ndipo ulipo mpaka: kwa msichana mmoja, badiliko lililo chini ya sentimita 12 haliwezi kutenganishwa na kuyumba kwa kipimo chenyewe. Mpaka wenu ukiwa huo, sentimita 9 za senta na 6 za mfungaji zote zimo ndani yake, na huna haki ya kusema kwamba mmoja amepanda na mwingine ameshuka. Wasichana 14 ni wachache, hivyo hata mpaka huo ni wa makadirio, lakini unakufaa zaidi kuliko ule utakaoazima kwa wengine. Wastani wa timu nzima huyumba kidogo kuliko matokeo ya mtu mmoja, kwa hiyo mazoezi yako yahukumu kwa wastani. Na kama katika siku hizo mbili zisizo na zoezi jipya wastani umepanda wenyewe, fahamu kwamba wasichana wamejifunza namna ya kufanya jaribio. Nguvu ya misuli haijaongezeka.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe linakotokea, maana mpaka wa sentimita 12 unaweza kupunguzwa. Nimewahi kusimama kando ya uwanja wa udongo, nikamwona msichana akiruka huku mkono mmoja umeshika sketi isipeperuke, kwa sababu wavulana walikuwa wamejaa pembeni wakitazama. Baada ya siku chache aliruka akiwa amevaa suruali ya michezo, mikono yote miwili huru, na umbali wake ukabadilika waziwazi. Mwalimu wake aliandika kwamba mazoezi yamefaulu. Mavazi na watazamaji ni sehemu ya kipimo, na kwa wasichana jambo hili lina uzito ambao vitabu vingi, vilivyoandikwa kutokana na majaribio ya wanaume, haviufikirii.

Amueni mapema, wewe na mwenzako, mikono itakaa kiunoni au itakuwa huru. Pimeni kutoka ncha ya kidole mguu unapoanzia hadi nyuma ya kisigino unapotua, na mruko uhesabiwe tu ikiwa msichana ametulia kwenye mguu huo kwa sekunde mbili bila kugusa chini kwa mguu wa pili. Mpeni miruko mitatu au minne ya kujaribu kwa kila mguu, halafu mitatu ya kuhesabiwa, na mchague tangu mwanzo kama mtaandika wastani au mruko bora. Raba ziwe zilezile, saa ileile, na maneno ya kumhimiza yawe yaleyale, kwa sababu aliyeshangiliwa huruka mbali kuliko aliyeambiwa tu “haya, ruka”. Na aliyeshika futikamba mara ya kwanza ndiye aishike mara ya pili.

Kuhusu magoti, msione aibu kwamba mlitofautiana. Kupima ubora wa mwendo kwa macho ni kugumu kuliko kusoma sentimita, na mimi mwenyewe nimeshairudia video niliyokwisha kuipa alama, nikajikuta nabishana na mwandiko wangu. Hali huwa nafuu pale ambapo swali ni dogo na lina jibu la ndiyo au hapana. Badala ya kuuliza kama goti linaingia ndani, ulizeni: wakati goti limekunjwa kabisa, je, katikati ya goti ipo upande wa ndani wa kidole gumba cha mguu? Rekodini kwa simu iliyosimamishwa mbele, kwa kimo cha magoti na umbali uleule, mtazame kwa mwendo wa polepole, kila mmoja atoe alama peke yake, kisha mlinganishe. Wiki ya pili rudieni video zilezile bila kuangalia alama za mwanzo. Jihadharini pia na kuwaeleza wachezaji mnachokitafuta: jaribio lililochapishwa mwaka 2015 kwa askari wa zimamoto lilionyesha kwamba alama za ubora wa mwendo zilipanda papo hapo walipoelezwa vigezo, kabla ya zoezi lolote.

Kuhusu kuwaacha kwenye kikosi, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa msisitizo. Mwaka 2005, Timothy Hewett na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 205 wa soka, kikapu na voliboli. 9 walikatika ligamenti ya mbele ya goti (ukano unaounganisha mifupa ya goti), na magoti yao yalikuwa yameingia ndani zaidi walipopimwa kutua. Uchunguzi huo ulienea sana. Lakini mwaka 2016 Tron Krosshaug na wenzake wa Norwei walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 700 wa mpira wa mikono na soka wa ligi za juu, na vipimo vya kutua havikuweza kuwatenga watakaoumia na wasioumia. Kipimo kinaweza kutoa jibu lilelile kila siku, na bado jibu hilo lisitabiri jeraha. Msichana ambaye goti lake linaingia ndani afundishwe kutua, pamoja na wenzake wote. Huko huko Norwei, utafiti wa wasichana 1,892 wa soka wenye umri wa miaka 13 hadi 17, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba programu ya FIFA ya kupasha mwili, ya dakika 20 hivi, ilipunguza majeraha makubwa bila mtu yeyote kuchujwa kwanza.

SWALI: Binti yangu anacheza soka hapa Mombasa na alifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti miezi saba iliyopita. Amepimwa kuruka, tukaambiwa mguu uliopasuliwa umefikia asilimia 92 ya mguu mzima, na kwamba kiwango ni 90. Je, arudi uwanjani? (Mama wa mchezaji)

JIBU: Mama, pole kwa safari hiyo, na hongera kwa binti kufika hapo. Asilimia 92 ina maana kwamba akiruka sentimita 120 kwa mguu mzima, uliopasuliwa unaruka kama 110. Lakini mguu huo unaoitwa mzima nao umekaa miezi bila kukimbia. Kama kabla ya kuumia alikuwa akiruka 145, basi miguu yote miwili iko chini, na ulinganisho huu unaificha hali hiyo. Isitoshe, asilimia hiyo inatokana na vipimo viwili, kila kimoja na kosa lake, na kwa hiyo 92 ya leo inaweza kuwa 87 wiki ijayo bila goti kubadilika. Ombeni arudiwe siku nyingine na mtu yuleyule, apimwe pia nguvu ya paja la mbele, na sentimita zenyewe ziandikwe pamoja na asilimia. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Hege Grindem na wenzake ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Miezi saba ni mapema, Mama, hata kwa namba nzuri kuliko hizi. Zungumzeni na daktari wake juu ya hiyo miwili iliyobaki.

SWALI: Mimi ni mchezaji, naishi Dodoma. Siku ya kupimwa ikiangukia hedhini, niombe iahirishwe?

JIBU: Dada, ukiwa na maumivu, omba, na mwalimu akubali bila kudai maelezo mbele ya watu. Ukijisikia vizuri, pimwa. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2020 zilionyesha kwamba katika siku hizo uwezo hushuka kidogo sana kwa wastani, na wanawake hutofautiana. Andika mwenyewe, kwenye daftari lako, siku ya mzunguko uliyopimwa, ili upimaji unaofuata ukiangukia siku tofauti uweze kulitazama badiliko hilo kwa tahadhari. Na hedhi ikikatika kwa miezi mitatu wakati wa mazoezi makali, muone daktari hata kama unaruka vizuri.