Nilimwita Shemeji Mchawi: Ushauri kwa Anayetaka Kuandika Kuhusu Siasa na Runinga

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bungoma aliniandikia saa tano usiku. "Dada, nakusoma tangu enzi za tamthilia ya Zora. Na mimi nataka nianze kuandika maoni yangu kuhusu siasa na vipindi vya runinga. Nipe siri." Nikaiweka simu chini nikacheka peke yangu hadi mume wangu akageuka kitandani. Siri! Mtu ambaye shemeji yake hataki hata kumtazama usoni ndiye anaulizwa siri ya kutoa maoni.

Lakini nitamjibu, tena hapa hadharani, maana najua hayuko peke yake. Nyinyi mnaonisoma ni walewale. Mnatazama taarifa ya saa moja huku kidole gumba kinawasha, na waziri akitimuliwa au mhusika wa tamthilia akiachwa kanisani, mnahisi msiposema neno nchi italala njaa. Nawajua kwa sababu ndivyo nilivyo.

Wengi mlinifahamu 2021, Maria ilipoisha na Zora ikakaa kwenye kiti chake. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha M-Pesa hapa Kondele, Kisumu (bado ninacho) na runinga ndogo juu ya rafu, kati ya vifuniko vya simu na picha ya harusi yangu. Watu walikuja kutoa pesa saa moja unusu wakasahau kuondoka. Jioni moja mama anayeuza omena alitoa shilingi mia mbili, akasimama mlangoni na beseni lake kichwani, harufu imejaa kibanda kizima, akatazama mpaka matangazo ya biashara yakaingia. Kisha akauliza, wala hakuwa akiniuliza mimi: "Huyu msichana kwao hakuna wazee?"

Niliandika hilo tu. Beseni, zile mia mbili alizozikunja zikawa ndogo kama pipi, na swali lake. Aya tatu. Asubuhi nikakuta watu zaidi ya elfu mbili wameisambaza. Kuna ukurasa mmoja uliichukua ukaondoa jina langu, nao mpaka leo haujasema pole. Inaniuma, ila tuendelee.

Basi, kijana wangu, ushauri wa kwanza ndio huo: usiandike kilicho ndani ya runinga, andika kilicho mbele yake. Cha ndani kila mtu amekiona.

Nilifanya vivyo hivyo Oktoba 2024. Tarehe 8 Bunge la Taifa lilimng'oa naibu wa rais, Rigathi Gachagua, kwa kura 281 dhidi ya 44, na ghafla kila mwendesha boda wa Kondele akawa mwanasheria wa katiba. Tarehe 17 zamu ikawa ya Seneti. Mimi nilikuwa nyumbani kwetu Vihiga, mama anachambua mrenda kwenye ungo huku runinga imewashwa. Alasiri tukaambiwa naibu wa rais amelazwa hospitalini, na usiku maseneta wakaendelea bila yeye. Mama yangu hampendi Gachagua hata chembe. Lakini mkono ulisimama juu ya ungo. "Mgonjwa hangojwi?" akasema. "Hapa kwa chifu kesi ya ndama iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya jino la mlalamikaji."

Nikaandika hayo. Waliompenda Gachagua walicheka, na wale wasiompenda walicheka pia, jambo ambalo mwezi ule lilikuwa adimu kama maji ya mfereji Manyatta. Redio moja ya hapa mjini ikanialika. Nilizungumza dakika kumi na mbili na nimezihifadhi kwenye flashi. Mkija nyumbani nitawawekea.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nilidhani watu wananipenda mimi, kumbe walikuwa wamempenda mama na yule wa omena. Nikaanza kuandika haraka. Nilitaka kuwa wa kwanza. Aliye wa kwanza hana muda wa kutazama ungo wa mtu.

Onyo nililipata mapema, sikulisikia. Tarehe 15 Februari 2025 kule Addis Ababa walikuwa wanapigia kura uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Duru ya kwanza Baba, yaani mzee wetu wa siasa Raila Odinga, akaongoza, 20 kwa 18. Duru ya pili, 22 kwa 19. Mimi nikaona mambo yamekwisha, nikaandika "Hongera Mwenyekiti, Afrika imepata mzee", na picha ya bendera. Duru ya tatu Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akapita mbele, na hakurudi nyuma tena hadi duru ya saba. Nikafuta kimyakimya. Watu wana skrinshoti, jamani. Kuna fundi viatu karibu na soko la Kibuye ambaye aliniita Mwenyekiti hadi Pasaka.

Mtu mwenye akili angejifunza. Mimi nilisema ni bahati mbaya.

Halafu ikaja 25 Juni mwaka uo huo, kumbukumbu ya vijana waliouawa kwenye maandamano ya 2024. Mamlaka ya Mawasiliano ikaviagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja. Siku ile kila mwenye bando akawa kituo cha televisheni. Nilisimama juu ya kreti ya soda nikirekodi barabara, watu wakinishukuru kutoka hadi Qatar. Naona ndipo nilipojiaminisha kwamba mimi ni chombo cha habari, ila sina mhariri.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mwanzoni mwa Oktoba uvumi kuhusu afya ya Baba ulikuwa umezagaa. Walio karibu naye walisema yuko sawa, anapumzika. Mimi nikawa mlinzi. Kila aliyeuliza nilimjibu kwa ukali. Jumatano, tarehe 15, sikuwa hata nimepandisha mlango wa kibanda vizuri, niliona tena watu wanaandika kwamba habari kutoka India ni mbaya. Mkono mmoja umeshika kufuli, mwingine simu, nikaandika: "Mmechoka kumuua Baba? Yuko hai na atawazika nyinyi."

Chini yake akajibu kaka mkubwa wa mume wangu, anayefanya kazi Nairobi. Mtu mpole. Ndiye aliyeongoza wazee kuja kwetu kuleta ng'ombe. Aliandika: "Shemeji, tafadhali ifute hii. Tunayoyasikia si mazuri."

Nikamjibu mbele ya watu wote: "Shemeji, anayelia kabla ya msiba ni mchawi. Kalie kwako."

Zikaanza kumiminika. Vidole gumba, mioyo, nyuso za kucheka. Nakiri nilikuwa nahesabu, nilifika mia tatu na kitu. Kisha nikaona kimya nje. Kondele haina kimya, hata saa nane usiku. Mwendesha boda mmoja alikuwa amezima pikipiki katikati ya barabara, akavua helmeti, akaiweka chini kwenye lami, akaikalia. Matatu nyuma yake haikupiga honi. Mama wa omena alikuwa ametua beseni na kujishika kichwa kwa mikono miwili. Kwenye runinga yangu utepe mwekundu ulikuwa unapita chini ya skrini, na mtangazaji alikuwa anameza mate kabla ya kila neno.

Raila Odinga alikuwa amefariki kule Kerala, India, akiwa na miaka 80.

Na simu yangu, ile iliyokuwa mkononi, iliendelea kutetemeka. Watu walikuwa bado wanapenda. Mtu wa Dubai ambaye hajasikia habari, mtu wa Kitale, wote wananipongeza kwa kumtusi shemeji yangu juu ya kifo ambacho tayari kilikuwa kimetokea. Nilishindwa hata kupata pa kubonyeza ili nifute. Nilipofanikiwa, vijana walikuwa wameshaanza kuvunja matawi ya miti na kuelekea mjini wakipuliza filimbi.

Nawaambia wapendwa, wale mia tatu hakuna hata mmoja aliyenipigia simu siku ile. Hata mmoja. Ndiyo maana nasema tuache kuandikia umati. Umati unakushangilia ukipanda na unakupiga picha ukianguka. Siku hizi nasikia watu wakisema "nimekula likes", na mimi nauliza, umewahi kushiba?

Jumamosi, tarehe 18, mwili uliletwa uwanja wa Mamboleo. Tulitoka nyumbani gizani. Watu walijaa hadi juu ya miti, wengine wakazirai wakabebwa juujuu kupitishwa vichwani. Tukamwona shemeji kando ya ukuta, amesafiri usiku kucha, suti imejaa vumbi. Alimshika mkono mume wangu, wakakumbatiana wakalia. Akawasalimia watoto mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwangu akanipita kama mtu anayepita nguzo ya stima. Kesho yake Baba akazikwa Bondo, na mimi nilitazama mazishi hayo kwenye runinga, kwa mama mkwe huko Ugenya, nikiosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Mama mkwe alikuwa amesomewa kila kitu. Alinyamaza hadi jioni, kisha akaniuliza swali moja: "Ulikuwa umekaa au umesimama ulipoandika?"

"Nilikuwa nimesimama, Mama."

"Basi," akasema, akaenda kufungia kuku.

Kijana wa Bungoma, huo ndio ushauri wangu wa pili, wa tatu na wa nne. Kaa chini. Sisemi kwa mafumbo, nasema kalio liguse kiti. Mimi nimenunua kigoda cha shilingi mia nne pale Kibuye, na siandiki neno lolote la siasa wala la tamthilia kama sijakikalia. Jambo likitokea ukiwa umesimama, liache. Likitokea ukiwa kwenye matatu, umekaa ndiyo, lakini hilo halihesabiki. Halafu tazama nani yuko nawe chumbani na anafanya nini na mikono yake. Kama hakuna mtu, chemsha chai. Utaona, chai ikichemka jambo lenyewe limebadilika, maana duru ya tatu huwa haijapigwa.

Usiseme mimi ni mzee naogopa. Nina wafuasi elfu kumi na mbili, wengi kuliko wanasiasa kadhaa wa kaunti hii, na niliwapata wote kwa yale niliyoyaandika polepole. Yale ya haraka yaliniletea fundi viatu na haya mengine. Wazazi nao wawafundishe watoto. Kanisani pia lisemwe. Tumekuwa taifa la watu wanaosimama.

Krismasi shemeji alikuja Ugenya. Wanaume walikaa sebuleni wakitazama mpira. Niliwapelekea chai, nikaweka kikombe chake mbele yake kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama nilivyofanya mwaka wa kwanza wa ndoa. Alionja, akatazama runinga kwa muda, kisha akamwita binti yangu wa miaka saba.

"Mwambie mama yako sukari imezidi."

Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alinigeukia, akaniambia. Nikaenda jikoni nikaleta kikombe kingine, bila sukari kabisa. Hicho alikimaliza.