Koili inasoma milihenri 1.6, mbona IC inachemka?

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi ni fundi simu na sola, niko Sengerema. Nina kisanduku cha kuchajia simu kinachotumia betri ya volti 12, ndani kuna moduli ya LM2596, yaani IC (chipu) inayoshusha umeme hadi volti 5. Koili yake ilikatika mguu, nikaitoa. Nikachukua ringi ya kijani kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta, nikaviringisha mizunguko 20 ya waya. Mita ya LC (ya kupimia koili na kapasita) inasoma milihenri 1.6, yaani mikrohenri 1,600, na ile ya zamani imeandikwa 470 tu, ambazo ni mikrohenri, kwa hiyo nikajua nimepata kubwa zaidi. Bila mzigo natoa volti 5 safi kabisa. Nikichomeka simu inayokula ampea 2, volti zinashuka hadi 3 na kitu, koili inapiga mluzi na IC haigusiki kwa moto. Nimebadilisha IC, yale yale. Halafu kuna jambo linanisumbua: shuleni tulifundishwa koili inapitisha DC na kuzuia AC. Hapa betri ni DC na simu inataka DC. Sasa koili inafanya kazi gani?

JIBU: Marahaba, fundi. IC zako zote mbili huenda ni nzima. Kilichokuangusha ni ringi, na namba ulizoniandikia zinatosha kulithibitisha hilo bila hata kuiona. Ila nianze na swali lako la mwisho, maana bila hilo lile la kwanza halieleweki.

Betri ni DC na simu ni DC, sawa. Lakini weka oskiloskopu (chombo kinachochora umbo la umeme) kwenye mguu namba 2 wa LM2596, pale koili inapoanzia, hutaona DC. Utaona umeme unaruka kutoka karibu volti 11 hadi chini kidogo ya sifuri, kisha unarudi juu, mara 150,000 kwa sekunde. IC hiyo ni swichi tu. Haina namna ya kutoa volti 5. Inajua kufungulia volti 12 na kuzifunga, basi. Anayegeuza vipande hivyo kuwa mkondo uliotulia ni koili, akisaidiwa na dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita ya mwisho.

Koili inafanyaje? Waya ukipitisha mkondo unazungukwa na uga wa sumaku, na uga huo umebeba nishati. Nishati haiwezi kuingia wala kutoka papo hapo, kwa hiyo mkondo ndani ya koili nao haubadiliki papo hapo. Unapanda kwa mteremko na unashuka kwa mteremko. Kasi yake unaipata kwa hesabu rahisi: chukua volti zilizo kati ya ncha mbili za koili, gawanya kwa henri, jibu ni ampea kwa sekunde. Hiyo ndiyo kanuni nzima. Yale ya shuleni ya kupitisha DC na kuzuia AC ni matokeo yake tu: umeme unaogeuka haraka hauupi mkondo nafasi ya kupanda, kabla haujafika mbali unarudishwa.

Fikiria mkokoteni wenye magunia ya mahindi. Hauondoki ghafla hata usukume vipi, na ukishashika mwendo haukubali kusimamishwa ghafla. Atakayejiweka mbele yake ataumia. Koili nayo ukiikatia njia wakati ina mkondo, inapandisha volti zake yenyewe hadi zipate pa kupenya. Ndiyo cheche unayoiona kwenye swichi ya rilei, na ndiyo inayoua transista za watu wanaofunga rilei ya volti 12 bila dayodi ya kuilinda. Joseph Henry wa Marekani aliandika habari za cheche hiyo mwaka 1832, na kipimo cha henri kimechukua jina lake. Kwenye LM2596 njia ya kupenya imewekwa makusudi: ni ile dayodi kubwa iliyo pembeni ya koili. Swichi ikifunga, mkondo hauna haja ya kurusha cheche. Unazunguka kupitia dayodi na kuendelea kwenda kwenye simu.

Sasa tuweke namba. Nitapuuza kile kidogo kinachopotea kwenye IC na kwenye dayodi. Kutoka volti 12 hadi 5, swichi inatakiwa iwe wazi, yaani ipitishe umeme, kwa asilimia 42 ya muda. Mzunguko mmoja wa kilohezi 150 (ndizo zile mara 150,000 kwa sekunde) ni mikrosekunde 6.7, kwa hiyo kila safari umeme unafunguliwa kwa mikrosekunde 2.8. Katika muda huo koili ina volti 12 upande mmoja na 5 upande wa pili, tofauti ni 7. Koili yako ya zamani iliyoandikwa 470 si mikrohenri 470. Ni 47: tarakimu mbili za mwanzo ni namba yenyewe, ya tatu inakuambia sufuri ngapi za kuongeza, na hapo ni hakuna. (101 ni mikrohenri 100. Ukiona 4R7, herufi R imekaa mahali pa nukta: 4.7.) Volti 7 kwa mikrohenri 47 ni ampea 0.15 kila mikrosekunde, na kwa mikrosekunde 2.8 mkondo unapanda ampea 0.42. Swichi ikifunga unashuka kiasi hicho hicho. Simu ikila ampea 2, mkondo ndani ya koili unacheza kati ya 1.8 na 2.2, kisha kapasita inalainisha mawimbi yaliyobaki.

Angalia pia nishati. Kila mzunguko koili hiyo inapokea na kuachia takriban mikrojuli 39. Ni kidogo sana, lakini zidisha mara 150,000 kwa sekunde, unapata karibu wati 6. Simu yako inachukua wati 10. Yaani zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye simu umekaa kwanza ndani ya koili. Mafundi wengi huiona kama kipande cha waya kwa sababu multimita inalia tii ikipimwa, na hapo ndipo ubadilishaji wa kubahatisha unapoanzia.

Haya, ringi yako. Mizunguko 20 imekupa milihenri 1.6. Henri zinakua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo gawanya 1.6 kwa 400: ni mikrohenri 4 kwa kila mzunguko uliowekwa mraba. Ringi ndogo ya unga wa chuma, zile za njano na nyeupe, haifiki hata sehemu ya ishirini ya hapo. Kwa hiyo uliyoshika ni feraiti (kauri ya sumaku) yenye upenyezaji mkubwa, yaani wepesi wa kupitisha sumaku, namba inayocheza kwenye 5,000 au zaidi. Naamini uliitoa upande wa kuingilia umeme wa volti 230, na ilikuwa na waya mbili zilizotenganishwa, moja kila upande. Hiyo imetengenezwa kuzuia kelele za umeme zisitoke kwenye mashine. Ampea zinazoingia kwenye waya mmoja zinarudi kwenye mwingine, uga wa sumaku wa huku unafuta wa kule, na kiini, yaani ringi yenyewe, hakihisi mzigo wowote. Kwenye kazi hiyo inadumu miaka. Wewe umeipa waya mmoja wenye mkondo unaoelekea upande mmoja tu, hakuna wa kumfuta.

Feraiti ina mwisho wake. Ikifikia kama tesla 0.4 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku) inakuwa imeshiba: ongeza mkondo utakavyo, sumaku haiongezeki tena. Nimekadiria ringi ya kipenyo cha milimita 13, ambayo njia ya sumaku ndani yake ni sentimita 3 hivi. Kwa mizunguko 20, ringi ya namna hiyo inashiba kabla mkondo haujafika hata ampea 0.1. Simu yako inataka 2. Kikishashiba, kiini ni kama hakipo, na milihenri zako 1.6 zinaporomoka hadi chini ya nusu ya mikrohenri. Rudia hesabu ya juu: volti 7 kwa mikrohenri 0.35 ni ampea 20 kwa kila mikrosekunde. Hakuna mteremko tena hapo, ni kama shoti. LM2596 ina kinga ya mkondo inayokata kwenye ampea 4 na ushee, na inapozidiwa inapunguza kasi yake ya kufungua na kufunga. Ndiyo maana volti zinashuka, IC inaungua vidole, na mluzi unaousikia ni kasi iliyoshuka hadi ikaingia kwenye sauti za sikio.

Mbona bila mzigo ilikuwa safi? Kwa sababu bila mzigo mkondo unapanda miliampea 12 tu na kurudi, ringi haijafika popote. Na mita ya LC hupima kwa mkondo mdogo zaidi ya huo. Haikukudanganya, ilijibu swali ulilouliza. Koili ya pawasaplai inanunuliwa kwa namba mbili: henri zake, na ampea inazobeba kabla ya kushiba. Hiyo ya pili mita yako haiioni kabisa, na mimi naiona ni muhimu kuliko ya kwanza. Koili ya mikrohenri 33 inayobeba ampea 4 itafanya kazi kwenye moduli yako bila shida. Ya milihenri 1.6 inayobeba 0.1 umeona mwenyewe.

Cha kufanya: rudi kwenye ile pawasaplai, safari hii upande wa kutokea, karibu na waya za njano na nyekundu. Kuna ringi kubwa ya njano yenye upande mmoja mweupe, imejaa waya za unene tofauti. Huo ni unga wa chuma uliochanganywa na gundi. Kati ya punje na punje kuna mwanya mdogo sana, na nishati ya sumaku inakaa zaidi kwenye mianya hiyo kuliko kwenye chuma chenyewe. Upenyezaji wake ni 75 tu, ndiyo maana mita inakupa namba ndogo, lakini inabeba ampea nyingi, na hata ikianza kushiba inashiba polepole, haidondoki ghafla kama feraiti. Usichague kwa rangi ya kijani peke yake: kijani chenye upande wa bluu nacho ni unga wa chuma, tena kwa kilohezi 150 hakipati moto sana kama cha njano. Kijani kitupu, kikiwa pale kwenye waya za 230, kiache.

Toa waya zote, viringisha mizunguko 10 ya majaribio, pima. Ringi ya milimita 27 hivi itakupa karibu mikrohenri 9. Gawanya kwa 100, unapata 0.09 kwa mzunguko mmoja. Kufika 47 unahitaji mizunguko 23, kwa kuwa 23 mara 23 mara 0.09 ni karibu 47. Tumia waya wa shaba wenye enameli, usiwe mwembamba kuliko milimita 0.7, na uutandaze ringi nzima badala ya kuulundika sehemu moja. Kabla ya kuchomeka simu ya mteja, weka rezista ya saruji ya omu 10 kwenye kutokea. Hiyo ni nusu ampea. Ongeza ya pili sambamba, ya tatu, ya nne, ufike ampea 2, kila hatua ukiacha dakika kadhaa na kugusa ringi na IC. LM2596 ikiwa nzima kwa mzigo huo inapoteza karibu wati 1, kwa hiyo joto litakuwepo, lakini volti zisiyumbe na pasiwe na mluzi.

Mambo mawili ya haraka. Dayodi iliyo pale iwe ya Schottky (aina yenye kasi), 1N5822 au SS34. Nimeona watu wanaweka 1N4007 kwa kuwa ndiyo iliyopo mezani, nayo ni nzito mno kwa kasi hiyo, inachemka na kuitesa IC. La pili, sokoni kuna moduli za bei chee zilizoandikwa LM2596 ambazo ndani yake zinafungua na kufunga kwa karibu kilohezi 50. Ukiwa na hiyo, mkondo kwenye mikrohenri 47 hautapanda 0.42, utapanda ampea 1.2 kila safari, na kilele kitafika 2.6 kwa mzigo wa 2. Bado inawezekana, ila kapasita ya kutokea itapata tabu. Hapo fika mikrohenri 100, yaani mizunguko 33 kwenye ringi ile ile. Kama huna oskiloskopu ya kujua una ipi, viringisha hiyo 33 tangu mwanzo. Kwenye kilohezi 150 haitadhuru kitu.