Maswali na majibu: Nikiongeza volti, ujumbe utafika?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nina kipima maji kwenye tangi la shambani, Pangani, na waya wa mita 1,100 nilioufukia ardhini hadi nyumbani. Tarakimu zinafika zimevurugika, na masika hazisomeki kabisa. Fundi wangu anataka kupandisha umeme wa mawasiliano kutoka volti 5 hadi 24. Anasema hata Waingereza walipoleta simu ya maandishi (telegrafu) ya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879 walitumia umeme mkali, ndiyo maana ikavuka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na umwambie asiguse kitu.

Hili la kusukuma ujumbe kama maji ya bomba nalisikia kila wiki, na limenichosha. Waya uliozungukwa na unyevu una shaba ndani, ganda la kuhami katikati, na maji nje. Hiyo tayari ni kapasita, yaani kitu kinachomeza na kutunza chaji ya umeme, tena ndefu. Kila alama unayotuma lazima kwanza iujaze waya, kisha waya uteme ulichomeza kabla alama nyingine haijaingia. Ukienda haraka, mkia wa alama ya kwanza unapanda kichwa cha ya pili. Mwanafizikia William Thomson alishaikokotoa miaka ya 1850: urefu ukiwa mara mbili, ucheleweshaji unakuwa mara nne. Volti hazimo katika hesabu hiyo. Ukizipandisha unaikuza alama pamoja na mkia wake.

Aliyeikataa hesabu hiyo alikuwa Wildman Whitehouse, fundi mkuu wa umeme wa mkongo wa kwanza wa Atlantiki. Kwa taaluma alikuwa daktari wa upasuaji. Agosti 1858 mkongo ulipofika nchi kavu, akaufunga kwenye makoili yake makubwa ya kupandisha umeme, kama volti 2,000 hivi. Shaba ilikuwa nyembamba, na gutapercha ya kuihami, utomvu wa miti ya Malaya na Borneo, ilikwisha kuharibika kwa kuachwa juani. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98 tu, zilichukua kama saa 16 kupita. Mwanzoni mwa Septemba mkongo ukanyamaza.

Sasa msimulie fundi wako ya mwaka 1866. Mikongo miwili mipya ilikuwa inafanya kazi kati ya Ireland na Newfoundland. Mhandisi Latimer Clark, akiwa Valentia upande wa Ireland, akataka iunganishwe kule ng'ambo iwe njia moja ya kwenda na kurudi. Akaazima subana ya fedha, ile kofia ya kidoleni ya mshonaji, akatia matone ya asidi na kipande cha zinki. Betri yake ilikuwa hiyo, na alama ikavuka bahari mara mbili, ikaonekana.

Siri ilikuwa kwenye waya na kwenye kipokezi. Mkongo wa 1858 ulikuwa na ratili 107 za shaba kwa kila maili ya baharini. Wa 1866 ulikuwa na 300, na ratili 400 za gutapercha. Kupokea walitumia kioo cha Thomson: kijioo chenye sumaku mgongoni, chepesi mno, kinaning'inia kwa uzi wa hariri. Mwanga wa taa unakigonga, doa linasogea kushoto au kulia, karani gizani analitaja na mwenzake anaandika.

Huo mkongo wa Unguja nao uligawanywa kwa vituo: Aden, Unguja, Msumbiji, Delagoa Bay (Maputo ya leo), Durban. Waingereza walikuwa na haraka nao, maana habari za kipigo walichopata kwa Wazulu huko Isandlwana, Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879 zilichukua siku 20 kufika London. Hata hivyo hawakurusha ujumbe kwa mkupuo mmoja. Kila kituo makarani waliupokea, wakautuma upya.

Nawe fanya hivyo hivyo. Punguza kasi ya data kwanza, haina gharama. Ikishindikana, weka ripita katikati, kifaa cha kupokea alama na kuituma upya: kila nusu itakuwa na robo tu ya ucheleweshaji wa sasa. Ila masika imeshakupa jibu lingine. Mahali fulani kuna kiungo kilichofungwa kwa tepu nyeusi, na maji yanaingia. Volti 24 zitaichoma chipu tu, kiungo kitabaki kuvuja.

Mafundi wa "ongeza moto" wapo kila mtaa. Antena haishiki, ongeza busta. Fyuzi inakatika, weka waya mnene. Na njia za mkato hazikuanza leo wala hazikuwa za Whitehouse peke yake. Mkongo wa Bahari ya Shamu wa 1859 ulitandazwa umekazwa mno, ukaning'inia juu ya mabonde ya chini ya bahari, viumbe wa baharini wakauvaa hadi uzito ukaukata. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewadhamini wenye hisa, ikabaki kulipa pauni 36,000 kila mwaka kwa mkongo uliokufa. Ahadi ilikuwa ya miaka 50.

Fundi wa namna hiyo ana dawa moja kwa kila ugonjwa, na mita ya kupimia umeme hana. Ukimwuliza kipimo cha uhami kimesoma ngapi, anakutazama kama umemtukana. Huyo usimlipe hata nauli.