Kwa nini kaunta ya Geiger haitofautishi alfa na gama, na Geiger mwenyewe alikuwa nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tano na sita. Tuna kaunta moja ya Geiger, chombo cha kuhesabu mionzi, ya zamani lakini nzima. Wanafunzi wamenibana. Kwa nini chembe ya alfa na mwali wa gama vinatoa "tiki" ileile, wakati alfa huacha ioni (atomu zenye chaji) nyingi zaidi? Na tulipokisogeza chanzo cha beta karibu kabisa na mrija, hesabu ilipanda, lakini haikufikia tuliyokokotoa. Halafu vitabu vinasema Geiger na Marsden, Geiger na Nuttall, Geiger na Müller. Huyu Geiger alikuwa nani hasa?

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Nianze na swali lako la mwisho, maana ukishamjua mtu huyu, nusu ya majibu mengine utakuwa nayo.

Hans Geiger alizaliwa tarehe 30 Septemba 1882 huko Neustadt, Ujerumani. Baba yake, Wilhelm, alikuwa bingwa wa lugha za Kipali na Kisinhala na profesa wa Chuo Kikuu cha Erlangen. Mdogo wake, Rudolf, ndiye yule Geiger wa ramani ya tabianchi ya Köppen na Geiger. Mwalimu mwenzako wa jiografia anamfundisha kila mwaka, pengine bila kujua kwamba ana kaka yake kwenye kabati la maabara yako.

Hans alipata udaktari Erlangen mwaka 1906 kwa utafiti wa umeme unaopita kwenye gesi. Likumbuke hilo, kwa sababu kaunta yote ni umeme kwenye gesi. Kisha akaenda Manchester, Uingereza, na mwaka 1907 akamkuta Ernest Rutherford akiingia kuongoza maabara.

Siku hizo chembe za alfa zilihesabiwa kwa macho. Unajifungia kwenye chumba chenye giza, unasubiri mpaka macho yazoee, kisha unatazama kwa hadubini bamba lililopakwa salfaidi ya zinki na kuhesabu vimulimuli, kimoja kimoja. Rutherford alimwandikia rafiki yake kwamba Geiger ni jini wa kazi hiyo, anaweza kuhesabu kwa vipindi usiku kucha bila kutetereka. Yeye mwenyewe aliishia kulaani na kuondoka baada ya dakika mbili. Kwa njia hiyohiyo, mwaka 1909 Geiger na kijana Ernest Marsden, aliyekuwa bado mwanafunzi, waliona kwamba takriban alfa 1 kati ya 8,000 hurudi nyuma inapogonga bamba la platini. Miaka miwili baadaye Rutherford akaeleza sababu: atomu ina kiini. Kwa hiyo waambie vijana wako kwamba Müller hakuwepo kabisa kwenye jaribio hilo. Nuttall naye ni wa 1911, kwenye kanuni inayohusianisha umbali ambao alfa husafiri hewani na kasi ya kuoza kwa elementi iliyoitoa.

Sasa chombo. Mwaka 1908 Rutherford na Geiger walitengeneza silinda ya shaba nyeupe yenye waya katikati, gesi yenye kanieneo ndogo ndani, na volti zaidi ya 1,000 kati ya waya na silinda. Alfa ikiingia huvunja atomu za gesi kuwa ioni. Elektroni zinazotoka hukimbilia waya, na karibu na waya zinapata mwendo wa kutosha kuvunja atomu nyingine, nazo nyingine, mpaka chaji ya mwanzo inazidishwa mara elfu kadhaa. Hapo ndipo sindano ya elektromita, yaani kipima chaji, ilipoweza kucheza. Hesabu zilikuwa chache kwa dakika, kwa sababu sindano ilichelewa kurudi. Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita: chombo hicho kilikuwa bado kinazidisha kwa kiasi. Kikipewa kingi, kinatoa kikubwa. Kikipewa kidogo, kinatoa kidogo.

Kaunta yako si hiyo. Yako ni ya 1928, aliyoitengeneza akiwa profesa mjini Kiel pamoja na mwanafunzi wake wa udaktari, Walther Müller. Hapa volti ni kubwa kiasi kwamba, kwa gesi iliyomo, poromoko moja la elektroni hutoa pia mwanga wa urujuanimno, mwanga huo unaanzisha maporomoko mengine pembeni, na kufumba na kufumbua waya wote kutoka ncha hadi ncha umezungukwa. Mlipuko huo haukomi mpaka wingu la ioni chanya, ambazo ni nzito na za polepole, lidhoofishe uga wa umeme karibu na waya.

Fikiria shamba la nyasi kavu. Ukiliwasha kwa njiti ya kiberiti au kwa kijinga cha moto, litakaloungua ni shamba lilelile, lote. Alfa inayoishia ndani ya mrija inaweza kuacha jozi za ioni zaidi ya laki moja. Gama inafanya kazi kwa kung'oa elektroni moja tu ukutani, nayo ikaacha jozi chache. Mpigo unaotoka ni uleule, kwa kuwa ukubwa wake unaamuliwa na mrija na volti, si na aliyewasha moto. Geiger aliachana kwa makusudi na habari ya "kiasi gani" ili apate "ngapi" kwa uhakika: elektroni moja tu inatosha, na mpigo ni mkubwa kiasi kwamba hauhitaji elektromita nyeti. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadilishano bora kuliko yote katika vyombo vya fizikia.

Basi mkitaka kutofautisha mionzi, kazi hiyo ifanyeni nje ya mrija. Karatasi huzuia alfa, milimita chache za alumini huzuia beta, kinachobaki ni gama. Alfa yenyewe itaingia tu kama mrija wenu una dirisha jembamba la mika mbele. Msiliguse kwa kidole. Hilo ndilo huua mirija mingi shuleni.

Swali la chanzo cha beta linajibiwa na shamba lilelile. Lililokwisha kuungua haliungui tena mpaka nyasi ziote. Kwa mirija mingi kipindi hicho, tunachokiita muda mfu, ni kama mikrosekunde 100. Kaunta ikisoma 1,000 kwa sekunde, ina maana ndani ya kila sekunde imelala jumla ya sekunde 0.1. Zile 1,000 zimekusanywa ndani ya 0.9, kwa hiyo idadi halisi ni 1,000 ÷ 0.9, yaani karibu 1,111. Kwenye 100 kwa sekunde kosa ni asilimia 1 tu, ndiyo maana hamkuliona mkiwa mbali. Kwenye mionzi mikali mno baadhi ya vipimo hushuka mpaka sifuri, na mtu akadhani pako salama. Ndiyo maana sisi wa usalama wa mionzi huwasha kipimo tukiwa mbali, kisha tunasogea tukikisoma.

Nimalize habari ya Geiger. Mwaka 1912 alirudi Ujerumani, mjini Berlin, kuongoza maabara ya radiamu kwenye taasisi ya taifa ya vipimo. Huko James Chadwick, ambaye baadaye angegundua nyutroni, alitumia kaunta yake kuonyesha mwaka 1914 kwamba beta hutoka na nishati za kila kiasi, si chache maalumu. Vita vikampeleka Geiger kwenye kikosi cha mizinga na Chadwick kizuizini. Mwaka 1925, pamoja na Walther Bothe, aliweka kaunta mbili zifanye kazi sambamba na kuthibitisha kwamba katika mtawanyiko wa Compton, yaani eksirei inapogonga elektroni na kubadili njia, nishati huhifadhiwa kila mara, si kwa wastani tu kama Niels Bohr na wenzake walivyopendekeza. Bothe alipata Tuzo ya Nobel kwa mbinu hiyo mwaka 1954. Geiger alikuwa amekwisha kufa, Potsdam, Septemba 1945.

Sipendi kumsafisha. Mwaka 1933, Hans Bethe alipofukuzwa Tübingen kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi, Geiger, profesa wa hapohapo, hakumsaidia. Miaka mitatu baadaye alishirikiana na wanafizikia Werner Heisenberg na Max Wien kuiandikia serikali kupinga mashambulizi ya "fizikia ya Kijerumani", vuguvugu la Kinazi lililoikataa fizikia ya Einstein kuwa ni ya Kiyahudi. Mambo yote mawili ni yake.

Wanafunzi wako wanaweza kuupima muda mfu wenyewe. Pima kwanza bila chanzo kwa dakika 10. Hizo hesabu za ardhini na angani ziondoe kila mara. Kisha weka chanzo A peke yake, halafu A na B pamoja bila kumgusa A, halafu mwondoe A umbakize B. Jumla ya A na B itazidi kidogo ile ya pamoja. Pengo hilo ndilo usingizi wa mrija.