Nilinunua Kompyuta ya Kuhariri Picha Nikasahau Kuitazama Skrini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amejiwekea akiba, anataka kuacha kuhariri picha kwenye simu, na anaomba nimtajie kompyuta mpakato yenye kadi ya michoro, ile sehemu inayokokotoa picha za skrini, kali kuliko zote. Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu, kwa sababu maneno yake yalikuwa yale yale niliyomwambia muuzaji miaka sita iliyopita, siku niliponunua kompyuta iliyokuja kunivunjia heshima mbele ya watu.

Ilikuwa kompyuta ya wacheza gemu. Kibodi yake iliwaka rangi za kila namna, kadi yake ya michoro ilikuwa na gigabaiti 6 za kumbukumbu yake yenyewe, na skrini yake ilijichora upya mara 144 kwa sekunde. Sifa hiyo ya mwisho nilimtangazia kila mpiga picha aliyekubali kunisikiliza, ingawa picha mnato haina haja ya kuchorwa upya mara 144 kwa sekunde, maana haiendi popote. Kitu ambacho sikukisoma kilikuwa mstari mmoja chini kabisa ya karatasi ya vipimo, ulioandikwa: 45% NTSC.

NTSC ni kipimo cha rangi kilichowekwa mwaka 1953 kwa ajili ya televisheni, na watengenezaji wa skrini wanaendelea kukitumia hadi leo. Asilimia 45 yake ni takriban theluthi mbili tu ya sRGB, wigo wa rangi uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ambao ndio msingi wa picha nyingi za mtandaoni na unaokubalika kwa wachapaji wengi. Kwa lugha nyepesi, kulikuwa na wekundu na ukijani ambao kamera yangu iliunasa lakini skrini yangu haikuwa na uwezo wa kuuonyesha. Kila picha ilionekana imepauka, tena ina ubuluu kwa mbali, nami badala ya kukishuku kioo nikaanza kuzitibu picha. Niliongeza ukolezi wa rangi, kisha nikasogeza joto la rangi kuelekea umanjano ili ngozi zipate uhai. Mwangaza wa skrini ulikuwa umepandishwa hadi mwisho, kwa hiyo hata picha zilizokuwa na giza zilinidanganya kwamba zina nuru ya kutosha. Nilikesha usiku tatu nikiwatia ugonjwa watu wenye afya njema wasio na kasoro yoyote.

Hiyo ilikuwa harusi yangu ya kwanza yenye malipo ya maana. Albamu ilipotoka kuchapwa niliipeleka mwenyewe bila kuifungua, nimeifunga kwa utepe, nikisubiri kusifiwa. Mama wa bibi harusi alivaa miwani yake, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Alipofika kwenye picha kubwa ya binti yake akiwa ameshika maua, alipitisha kidole polepole juu ya shavu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba rangi haitabanduka. Kisha akaniuliza kwa upole ambao hadi leo unaniuma kuliko tusi: "Mwanangu, kwani binti yangu siku ile alikuwa anaumwa manjano?" Niliitazama ile picha. Ngozi ilikuwa na rangi ya chungwa, maua mekundu yalikuwa yamegeuka doa moja lisilo na petali, na suti ya bwana harusi ilikuwa imezama gizani hata vifungo havionekani.

Niliichapisha albamu upya kwa fedha zangu, na ndugu wa familia ile aliyekuwa ameniahidi kazi nyingine hakupiga simu tena. Nimekwisha kusamehe, ila sijasahau.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaoanza: nunueni skrini kwanza, kisha mwulize imebebwa na kompyuta gani. Someni mstari ule wa chini. Ukiona 100% sRGB, au 72% NTSC, ambayo hukaribia kuwa sawa nayo, endelea kusoma. Ukiona 45% NTSC, rudisha karatasi mezani hata kama kompyuta nzima inawaka taa. Kama hakuna kipimo chochote kilichoandikwa, fahamu kwamba skrini nzuri ni jambo ambalo muuzaji hujisifu nalo, na ukimya wake una maana. Tena msitosheke na jina la kompyuta, kwani jina moja linaweza kuuzwa likiwa na skrini mbili au tatu tofauti. Tafuteni namba kamili ya modeli na mhakikishe vipimo mnavyosoma ni vya namba hiyo.

Mkipata nafasi ya kuigusa kabla ya kulipa, inamisheni skrini mbele na nyuma huku mkitazama uso wa mtu kwenye picha. Skrini za aina ya TN hubadilika mara moja, uso ukageuka kutoka mweupe hadi kama hasi ya filamu, ilhali za IPS hutulia. Zipo pia za OLED, ambazo weusi wake ni weusi kwelikweli kwa sababu kila pikseli, ile nukta ndogo inayounda picha, hujizima yenyewe. Nazipenda, ila jueni kwamba kitu kinachokaa mahali pamoja kwa miaka, kama vile pau za programu ya kuhariri, kinaweza kuacha kivuli cha kudumu.

Baada ya aibu ile nilijiona nimeerevuka, nikauza kompyuta ya taa na kununua nyembamba yenye skrini nzuri ajabu. Ilikuwa na gigabaiti 8 za RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, nikasema nitaongeza baadaye. Fundi alipofungua kifuniko cha chini alinionyesha kwa ncha ya bisibisi kwamba RAM ilikuwa imechomelewa kwenye ubao. Hapakuwa na pa kuongezea chochote. Hesabu yake ni rahisi na ningeifanya kabla ya kununua: picha ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, ikifunguliwa kwa biti 16, kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi inachukua baiti 2, hivyo tabaka moja tu, yaani nakala moja ya picha kati ya zile unazozipanga moja juu ya nyingine unapohariri, ni megabaiti 144. Weka matabaka kumi na umekaribia gigabaiti moja na nusu, kabla hujahesabu mfumo wenyewe, historia ya marekebisho na kivinjari ulichokiacha wazi. RAM ikijaa, programu huanza kuandika kazi yake kwenye diski, nawe unabaki kutazama kiduara kikizunguka. Leo nasema gigabaiti 16 ndiyo mwanzo, na 32 kwa anayefanya kazi ya matabaka mengi au panorama. Wanaotaka kompyuta za Apple zenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za aina ya M, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, waamue siku ile ile ya kununua, kwa kuwa RAM yao haiongezwi kamwe na hutumiwa kwa pamoja na sehemu ya michoro.

Nisije nikaonekana nina chuki na kadi za michoro. Tangu Adobe ilipoweka katika Lightroom, programu yake ya kuhariri picha, mwaka 2023, uwezo wa kuondoa chembechembe za picha kwa akili mnemba, kadi nzuri imekuwa na kazi ya kweli. Picha moja inayomalizika kwa sekunde chache kwenye kadi kali inaweza kuchukua dakika kadhaa kwenye dhaifu. Anayepiga picha nyingi usiku aiweke kwenye hesabu zake. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, hilo halina mjadala, na prosesa ya kiwango cha kati ya miaka ya karibuni inatosha.

Hata skrini nzuri huharibiwa na mwenye nayo. Zimeni ile hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya manjano jioni, zimeni mwangaza unaojibadilisha wenyewe, kisha azimeni au nunueni kifaa cha kupimia rangi, kile kidogo kinachowekwa juu ya kioo. Mimi nimepima yangu kwa joto la rangi la kelvini 6500, gama (jinsi nuru inavyopanda kutoka giza hadi weupe) ya 2.2 na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba. Siku ya kwanza itaonekana hafifu na mtadhani mmeiharibu. Ivumilieni, macho yatazoea, na karatasi zitaacha kutoka na giza.

Albamu ile mbovu ninayo bado, nilirudishiwa nilipopeleka nyingine. Mwezi uliopita, nilipopata kompyuta ninayoandikia sasa, niliiweka mezani, nikaifungua kwenye ukurasa wa bibi harusi na maua yake, kisha nikalitafuta kwenye diski ya zamani lile faili nililolihariri kwa usiku tatu, bila kuligusa. Alitokea kwenye skrini akiwa na rangi ya chungwa kabisa, shavu kwa shavu na karatasi, maua yakiwa doa lile lile jekundu. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.