Kabla Hujalipia Mashine ya Kukimbilia: Maswali na Majibu

Safari hii maswali mengi yanahusu mashine ya kukimbilia ya nyumbani, ile wengine wanaiita tredimili. Tumechagua yale ambayo majibu yake yanaokoa fedha.

Dukani nimeonyeshwa mashine mbili. Moja imeandikwa HP 4 na ni rahisi, nyingine HP 2.5 na ni ghali zaidi. Inakuwaje yenye nguvu kubwa iuzwe bei ndogo? (Kimara, Dar es Salaam)

HP ni nguvu ya farasi, kipimo cha nguvu ya mota, lakini namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. HP 4 ya kwenye stika karibu kila mara ni nguvu ya kilele, ile ambayo mota inaweza kuifikia kwa sekunde chache tu. Unayoihitaji wewe ni nguvu ya kudumu, yaani ile mota inayoitoa muda wote mtu akiwa juu ya mkanda.

Hesabu unaweza kuifanya pale pale dukani. HP 1 ni wati 746, kwa hiyo HP 4 ni wati 2,984. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni wati 2,990. Mota inayotoa HP 4 mfululizo ingemaliza uwezo wote wa plagi, na hapo bado hujahesabu umeme unaopotea kama joto, wala skrini, wala mota ndogo ya kupandisha mwinuko.

Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha mbele, kwa kawaida ni skrubu chache tu, msome bamba lililobandikwa kwenye mota yenyewe. Ukikuta volti 180 na ampia 6, zidisha: wati 1,080, ambazo hazifiki HP 1.5. Hiyo ni mota ya kutembea, stika ya nje iseme itakavyosema. Kwa kutembea tu, HP 1.5 hadi 2 za kudumu zinatosha. Kwa kukimbia polepole anzia 2.5. Kama ni kukimbia kila siku, au mkimbiaji ni mzito, tafuta 3. Muuzaji asiyetaka kifuniko kifunguliwe, na asiye na kitabu cha mashine kinachotaja nguvu ya kudumu, muage kwa heshima.

Nina kilo 108 na urefu wa sentimita 184. Nataka kukimbia, si kutembea. Niangalie vipimo gani? (Kisumu)

Mkanda kwanza. Kwa urefu wako usishuke chini ya sentimita 50 kwa upana na 140 kwa urefu, na ukipata 152 utakimbia bila kufupisha hatua. Mkanda wa sentimita 120 ni wa kutembea. Mtu mrefu akiukimbilia, mguu wa nyuma unagusa ukingo, naye anaanza kujibana karibu na skrini hadi mgongo unauma.

Nenda na futi yako ya kupimia. Wauzaji wengine wanapima jukwaa zima, pamoja na zile kingo za plastiki za kusimamia. Wewe pima sehemu ya mkanda inayoonekana tu, ukingo hadi ukingo, na kutoka kifuniko cha mbele hadi cha nyuma.

Kuhusu uzito, chukua mashine iliyoandikwa kilo 130 au zaidi. Kikomo kinachoandikwa hakikuachii nafasi ya kutosha, kwa sababu mkimbiaji anapotua mguu, ubao ulio chini ya mkanda unapokea mzigo mkubwa kuliko uzito wake wa kwenye mizani. Uzito wa mashine yenyewe nao unasema kweli: yenye kilo 40 itatikisika chini yako ukifika kilomita 10 kwa saa, hata muuzaji aisifie vipi. Kwa mtu wa kilo 108 anayekimbia, tafuta ya kilo 80 na kuendelea.

Kaka yangu Marekani anataka kunitumia mashine kwenye kontena, na shemeji yangu aliye Muscat naye ameona moja huko. Nichukue ipi? (Unguja)

Ya Muscat, kama hali zake zinalingana. Umeme wa Oman ni volti 240 na hezi 50, na plagi ni ile ile yetu ya pini tatu za bapa. Utachomeka tu.

Mashine za nyumbani za Marekani nyingi ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Unguja, bodi ya umeme inaungua mara moja, na hiyo ni miongoni mwa spea ghali za mashine nzima. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme. Soma bamba: likisema volti 120 na ampia 15, hiyo ni wati 1,800, basi nunua transfoma ya VA 3,000 ili isichemke. Ni chuma kizito kitakachokaa chini karibu na mashine siku zote, na gharama yake uijumlishe kwenye bei kabla hujamshukuru kaka. Waranti ya kiwandani nayo kwa kawaida haivuki mipaka.

Nimepata mashine iliyotumika, mwenyewe anahama. Naenda kuiona Jumamosi. Niikaguaje? (Arusha)

Hili ndilo swali tulilotamani liulizwe na kila mtu, maana mashine nzuri iliyotumika inaishinda mpya ya bei rahisi. Nenda na futi, chaki, tochi, na mtu mzito kuliko wote watakaoitumia nyumbani kwako.

Anza ikiwa imechomolewa. Inua ukingo wa mkanda pale katikati: unyanyuke kama sentimita 5 hadi 8. Ukinyanyuka zaidi umelegea. Usiponyanyuka umekazwa kupita kiasi, na hapo zinaumia beringi za rola, zile silinda za mbele na nyuma zinazozungusha mkanda. Sasa ingiza kiganja chini ya mkanda, mpaka katikati panapokanyagwa. Ubao usiolika ni laini na unaacha utelezi kidogo wa mafuta kwenye vidole. Ukigusa pakavu, pamekwaruzika, au pana bonde mahali nyayo zinapotua, ubao umekwisha. Geuza ukingo wa mkanda uone upande wa chini: nyuzi za kitambaa zionekane. Uking'aa kama kioo, nao umekwisha.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa. Fundi atakuambia badilisha mkanda tu. Mkanda mpya juu ya ubao uliolika utalika upesi, na msuguano wake unailazimisha mota kuvuta umeme mwingi. Umeme huo unapita kwenye bodi, bodi inachemka, transista zinaungua. Mtu analaumu bodi, kumbe kosa lilianzia kwenye ubao. Mkanda na ubao vikiwa vimekwisha, omba bei ipunguzwe kwa gharama ya vyote viwili. Mbao nyingine zimetengenezwa kutumika pande zote mbili. Ukiipata ya hivyo na upande wa pili haujaguswa, umepata nafuu.

Ichomeke. Iwashe bila mtu kwa kilomita 1 kwa saa, kisha panda taratibu hadi mwisho wa kasi yake. Mlio wa kugonga unaorudi kwa mpigo mmoja ni kiungio cha mkanda au rola iliyoharibika. Mlio wa kuvuma unaopanda na kasi ni beringi. Panda juu, weka kilomita 3, shika vishikio, ukanyage kwa kishindo. Mkanda ukisita chini ya mguu, mtu mwingine aangalie rola ya mbele kwa tochi: rola ikiendelea kuzunguka huku mkanda umesita, mkanda umelegea au umelika. Rola nayo ikisita wakati mota inazunguka, tatizo ni ule mkanda mdogo wa mota, na huo si ghali.

Pima kasi ya kweli pia. Zima, chora alama ya chaki ukingoni mwa mkanda, pima mzunguko wake wote. Tuseme ni mita 2.8. Weka kilomita 6 kwa saa, mtu akiwa juu. Kasi hiyo ni mita 100 kwa dakika, basi alama inatakiwa ipite karibu mara 36. Ikipita mara 30, mashine inakudanganya, au mota inazidiwa na mzigo.

Pandisha mwinuko hadi juu na uushushe hadi chini. Chomoa ufunguo wa usalama mashine ikiwa inazunguka: mkanda lazima usimame. Ukikuta sumaku imegundishwa pale mahali pa ufunguo ili mashine iwake muda wote, usikubali, kwa sababu siku ukianguka hakuna kitakachoizima. Mwisho muache yule mtu mzito atembee dakika 20 mfululizo. Harufu ya kuungua, mashine kujizima, au namba ya hitilafu kutokea kwenye skrini katika muda huo ni sababu ya kutosha kurudi nyumbani na pesa yako. Mkanda kuvutwa upande mmoja usikutishe. Ukienda kulia, zungusha boliti ya nyuma ya kulia robo duara kuelekea upande wa saa, uiache itembee dakika moja, uangalie tena.

Vile vibao vyembamba vya kutembelea chini ya meza ya kazi vina maana? (Nairobi)

Kwa kutembea kilomita 2 hadi 4 kwa saa ukiwa unaandika, ndiyo. Kwa kukimbia, hapana. Vingi vinaishia kilomita 6, havina vishikio, na mota yake ndogo imebanwa mahali pasipo na hewa. Angalia kitabu kinasema iwashwe dakika ngapi kabla ya kupumzishwa, na uzito wako uwe chini ya kikomo kwa kilo 20 hivi.

Tuna watoto wawili wadogo na sebule si kubwa. Tuiweke wapi? (Mwanza)

Nyuma ya mkanda acha mita 2 wazi, na nusu mita kila upande. Usiielekeze mgongo ukutani ili kuokoa nafasi: mtu akianguka mkanda unamsukuma nyuma, na akibanwa kati ya mkanda na ukuta ngozi inachunika. Dari nalo lipime. Jumlisha urefu wa jukwaa kutoka sakafuni, kwa kawaida sentimita 15 hadi 25, urefu wa mtu mrefu kuliko wote, na sentimita 15 za kuruka, kisha ongeza kiasi ambacho mbele inapanda ukiweka mwinuko.

Mama, kuhusu watoto tunasema bila kupunguza. Hatari kubwa iko nyuma, pale mkanda unapoingia chini ya mashine, kwani mkono mdogo unavutwa ndani. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni mashine zake za Tread+ huko Marekani baada ya mtoto mmoja kufariki na ripoti zaidi ya 70 za ajali. Kabla ya kununua, inama utazame nafasi iliyopo kati ya mkanda na sakafu. Ukishamaliza mazoezi ufunguo wa usalama ukae kabatini juu, na plagi ichomolewe.

Itanila uniti ngapi za LUKU? Na fridge guard niliyonayo inatosha kuilinda? (Morogoro)

Tuchukue wastani wa wati 700 kwa mtu anayekimbia polepole. Nusu saa ni uniti 0.35, na siku 20 kwa mwezi ni uniti 7. Si nyingi, ila kama mita yako iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, chunga zisikutoe humo.

Fridge guard usiitumie. Nyingi ni za ampia 5, sawa na wati 1,150, na mashine ikianza kuzunguka na mtu juu inaweza kuvuka hapo. Nunua kilinzi cha ampia 13 au zaidi, chenye kuchelewesha umeme unaporudi. Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye erthi nzuri, usipitie ekstensheni ndefu ya waya mwembamba.

Je, zile zisizotumia umeme? (Bukoba)

Hazikati fyuzi, lakini nyingi za bei nafuu zina mkanda mfupi na mwinuko usiobadilika, na unausukuma mkanda kwa nguvu ya magoti ukiwa umeshika vishikio. Goti likiwa na shida, achana nazo.

Naishi karibu na bahari. Naweza kuiweka barazani? (Tanga)

Usiiweke. Hewa ya chumvi inatia kutu rola na beringi na kula viungo vya bodi, na ubao, ambao kwa kawaida ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa, unavimba kwa unyevu. Weka chumba cha ndani. Ukinunua iliyotumika pwani, kagua boliti za chini kwanza, maana kutu huanzia huko.

Muuzaji ameniambia nipake mafuta ya kupikia chini ya mkanda, ni yale yale tu. Kweli? (Dodoma)

Si kweli, na muuzaji anayesema hivyo usitarajie akusaidie mashine ikiharibika. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi kwa joto na kushika vumbi. Grisi na mafuta ya injini yanaharibu mkanda. Hata WD-40 haifai. Kinachotumika ni mafuta ya silikoni tupu. Chomoa mashine, legeza mkanda kidogo, mwaga mililita 15 kila upande kuelekea katikati, ukaze tena, kisha tembea dakika 5 kwa mwendo mdogo ili yasambae. Ukitumia mara 3 au 4 kwa wiki, rudia kila miezi 3. Usizidishe: yakiwa mengi mkanda unateleza na matone yanarukia mota. Soma kitabu kwanza, kwani mbao nyingine zimepakwa nta kiwandani na haziwekwi mafuta kabisa. Mwulize muuzaji kama anayo chupa ya silikoni, mkanda wa akiba na ufunguo wa pili wa usalama, na avitajie bei palepale.