Ozoni imetoboka, ina shimo, au imelika?

SWALI: Mimi ni fundi wa friji hapa Kongowea, Mombasa. Binti yangu aliandika katika insha: "Ozoni imetoboka, ndiyo maana jua la Mombasa linachoma." Mwalimu akamkata alama na kumwandikia kwa wino mwekundu: "Sema kuna shimo kwenye ozoni." Nani kasema sawa? Na hiyo miale inayopenya yaitwaje kwa Kiswahili?

JIBU: Salaam, fundi. Ozoni ni gesi iliyo juu angani, nayo hutukinga na miale mikali ya jua. Nianze na shimo, maana ndilo lililonikera. Shimo huchimbwa, nalo lina chini yake: shimo la choo, shimo la taka. Kinachopenya upande hadi upande ni tundu, kama tundu la sindano. Basi "tundu la ozoni" lapita.

Lakini hata tundu ni jina la kubandika tu. Wanasayansi wa Uingereza walipotangaza mwaka 1985 upungufu waliopima juu ya Antaktika, bara la barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia, hawakukuta mahali patupu. Huitwa tundu pale ozoni inaposhuka chini ya vipimo 220 vya Dobson, ndivyo vya kupimia wingi wa ozoni, ilhali kawaida ni kama 300. Na hivyo 300 si vingi: ozoni yote iliyo juu ya utosi wako, ikishushwa na kukandamizwa hapa usawa wa bahari, unene wake ni milimita 3. Neno tabaka latuhadaa tukadhani ni mkeka uliotandikwa angani, kumbe ni gesi iliyotawanyika kilomita kwa kilomita.

Mimi napenda kitenzi kulika. Kisigino cha kiatu hulika. Leso nayo hulika: iinue juani, nyuzi zingali pale, ila mwanga wapita. Tena kulika kunakukumbusha kuwa yupo mlaji, na hapa ni klorini itokayo kwenye zile gesi za friji za zamani, zilizobanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Wewe wazijua kuliko mimi. Atomu moja ya klorini yaweza kuvunja molekuli za ozoni hadi 100,000. Kwenye mtihani, binti aandike "imepungua", asigombane na mtu. Upatanisho: ozoni imelika, tabaka la ozoni limelika.

Miale hiyo ni ya urujuanimno. Urujuani ni ile rangi ya ukingoni mwa upinde wa mvua. Ongeza -mno, umevuka ukingo, jicho halioni tena. Neno zuri mno, samahani kwa utani. Miale hiyo ikizidi huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na hudhuru viumbe vidogo vya baharini ambavyo samaki huvitegemea.

Ama jua letu, linachoma kwa sababu tuko karibu na ikweta na linapita utosini. Tundu liko Antaktika. Kwa hiyo binti kakosea mara mbili: kitenzi, na hiyo "ndiyo maana". Mwalimu kakosea mara moja, lakini kwa wino mwekundu.